Toni si pambo la herufi

Mwaka jana, kwa zoezi la isimu nyanjani, nilirekodi kwa simu hadithi moja ya nyanya yangu. Yeye ni Muluba, mzaliwa wa upande wa Kamina. Nyumbani tunamwita nkambo. Mimi nimekulia Lubumbashi, na Kiluba nakisikia kuliko ninavyokisema. Niliandika hadithi yote bila alama hata moja ya toni, kama tunavyofanya wengi hapa. Nikapata maksi nzuri. Kisha nikaenda kumsomea mwenye hadithi. Alinivumilia hadi sentensi ya tatu, akauliza: «Mujukulu, hii maneno ni ya nani?»

Maksi zile nzuri ndizo zinazonifanya niandike.

Kitivoni mwetu, kila toni inapotajwa, husemwa kwamba mwili wa neno ni konsonanti na irabu. Toni huja baadaye, juu yake, kama kofia. Mwenye haraka basi huruhusiwa kutoka kichwa wazi. Mwaka huu nimesoma kidogo jinsi ubongo unavyosikia, na naona hoja hiyo haina pa kusimama.

Sauti ikitoka sikioni hufika kwenye gamba la ubongo, upande wa kando ya kichwa. Kituo cha kwanza hapo kimepangwa mfano wa vibao vya madimba: niuroni za sauti nene huku, za sauti nyembamba kule. Hatua moja mbele mambo hubadilika. Mwaka 2014 Nima Mesgarani, Edward Chang na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika San Francisco kwa wagonjwa 6 wa kifafa, waliokuwa wamewekewa elektrodi juu ya ubongo kwa ajili ya matibabu yao. Walisikilizishwa sentensi za Kiingereza. Hapakuonekana mahali pa [p] peke yake na mahali pa [b] peke yake. Palionekana mahali panapoitikia vipasuo kwa jumla, pengine vikwamizo, pengine nazali. Zile sifa bainifu tunazokariri mwaka wa kwanza, tukidhani ni jedwali tu la mwalimu!

Mwaka 2017 Chang, pamoja na Claire Tang na Liberty Hamilton, walitumia sentensi zilezile kwa viimbo tofauti na sauti za watu tofauti. Sehemu fulani zilifuata konsonanti na irabu, nyingine zilimtambua msemaji, na nyingine zilifuata kupanda na kushuka kwa sauti, zikipima kwa kiwango cha msemaji mwenyewe. Hapo nilisimama kusoma. Toni ya chini ya mtoto huweza kuwa nyembamba kuliko toni ya juu ya babu yake, na hatukosei. Uhusiano huo ndio toni. Ubongo una niuroni kwa ajili yake, na zinafanya kazi wakati uleule na zile za konsonanti. Kofia iko wapi?

Mtu atasema hao ni Waingereza na Wamarekani. Kweli, na kundi hilohilo lilipowapima wasemaji wa Kichina mwaka 2021, liliona kwamba niuroni zao, zikisomwa kwa pamoja, zilitenganisha toni za Kichina vizuri kuliko za wasemaji wa Kiingereza. Sikio hulelewa na lugha. Kichina lakini si Kiluba: kwetu toni hubeba hata nyakati za kitenzi. Swali hilo ni letu, na hatuwezi kuliuliza kwa maandishi yasiyo na toni.

Na sisi watoto wa Kiswahili tuna kasoro yetu. Kiswahili kiliachana na toni za Kibantu, kikabaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo sababu mwenzangu wa Lubumbashi akijifunza Lingala huchanganya kokoma, kuandika, na kokóma, kufika, akashangaa watu wakicheka.

Wahadhiri wengine hunijibu kwamba Biblia na magazeti ya lugha zetu husomwa bila toni. Husomwa na wanaoijua lugha tayari. Tasnifu zetu zitasomwa na watu kama mimi, nkambo atakapokuwa hayupo.

Naomba basi tasnifu ya lugha ya toni isipokelewe bila toni, na mwanafunzi amsomee msemaji maandishi yake kabla ya kuyaleta mbele ya jopo. Simu tunazo sote. Tuongezewe pia saa moja kwa wiki ya kuzoeza sikio, afundishe mzee wa mtaani mwenye lugha, alipwe.

Nkambo amekubali kurudia hadithi yake. Tumefika ukurasa wa pili. Nikikosea, hanisemeshi; hupiga mluzi wa neno lile, mara mbili, hadi nilipate.