Redio ya Gari la Abiria Si ya Dereva Peke Yake

Barabara ya Taifa nambari 3 hutoka Bujumbura ikaandama ukingo wa Tanganyika hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Mengi ya magari ya abiria yapitayo humo yametoka Japani yakiwa yametumika, na redio zake zimekuja nazo. Hapo ndipo penye kasoro. Kwa miaka mingi redio za Japani ziliundwa kunasa FM kati ya megahezi 76 na 90, ilhali nchini Burundi matangazo hurushwa kati ya 87.5 na 108. Abiria husikia kituo kimoja au viwili. Vingine ni kama havipo.

Kwa hiyo mwenye gari aing'oaye redio ya kiwandani na kutia nyingine namuunga mkono, wala siuiti uamuzi huo anasa. Machi 2015 maporomoko ya ardhi yaliikata barabara hii huko Gitaza. Mwaka 2024 ziwa lilifurika likawahamisha wakazi wa pwani, Rumonge ikiwemo. Mama aliyepakia mawese au dagaa, ambao huku huitwa ndagala, anastahili kujua hali ya njia kabla hajaifikia.

Wako wanaotia kifaa kidogo cha kushusha masafa. Kikishusha megahezi 20, kituo cha 102 huonekana kwenye kioo kuwa 82. Ni rahisi kwa bei, lakini vituo vingine bado hubaki nje. Heri redio mpya, iunganishwe kwa soketi ya kati inayolingana na ile ya gari, pasipo kukata waya hata mmoja.

Ninapotofautiana na wenye magari ni hapa: fedha nyingi haziendi kwenye redio bali kwenye amplifaya na spika kubwa za nyuma. (Angalieni sarufi: spika *wa* Bunge, lakini spika *ya* gari. Wa kwanza hutoa ruhusa ya kusema. Ya pili huinyima.) Abiria akiita "Nishushe!" hasikiki, na dereva hasikii kengele ya baiskeli iliyosheheni ndizi mbele yake. Tena amplifaya hula umeme mwingi. Waya wake ukitoka kwenye betri bila fyuzi karibu na betri hiyo, siku utakapochunika na kugusa bodi ya gari, utawaka, na watu wamo ndani.

Mafundi wazuri huyajua haya yote. Anayewaagiza waruke fyuzi ili kupunguza gharama ni mwenye gari, naye mara nyingi hasafiri nalo.

Nawe ukiwa kiti cha nyuma, tumia kauli ya kutendea tuliyojifunza: "Kaka, tafadhali tupunguzie sauti kidogo, kisha utufungulie taarifa ya habari."