Ukuta Wangu, Maji ya Jirani

Nitasema neno ambalo halitawapendeza wenye nyumba wenzangu wa Sinza, wala wa Mikocheni na Mbezi: kuta tunazozijenga ni uchoyo wetu tuliousimamisha kwa saruji. Tunajidanganya tunapoziita ulinzi.

Viwanja hivi havikupimwa kwa ajili ya ngome. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kuvuta maji, kisha kila mtu akaachiwa ajenge kwa uwezo wake. Nilipohamia, mipaka ilikuwa michongoma. Mchongoma una miiba ya kumtoa mwizi machozi, lakini mtu wa upande wa pili unamwona. Mtoto akilia unajua ni wa nani na amechapwa kwa kosa gani. Chumvi ikikwisha unapitisha kikombe. (Umbeya nao ulipita hapo hapo, sidai kwamba tulikuwa malaika.)

Kisha fedha zikapatikana. Mmoja aling'oa michongoma yake akapandisha matofali kozi sita. Wa pili akaona haya, akapandisha kumi na kupachika vipande vya chupa juu. Wa tatu nilikuwa mimi.

Fundi aliniuliza, "Mzee, maji yatapita wapi?" Maana kiwanja changu kipo kwenye mteremko, na tangu zamani maji ya mvua yalikatiza uani kwangu kwenda mtaroni. Nikamjibu, "Hayo si yangu." Akajenga.

Zikaja mvua za Desemba 2011, zile zilizoua watu na kuwatoa wengine bonde la Msimbazi. Kwangu hapakulowa hata zulia. Maji yalifika kwenye ukuta wangu, yakageuka, yakaingia kwa mama mmoja mjane wa ubavuni. Asubuhi ilinibidi nizunguke nyumba nne kumfikia mtu ambaye zamani tulitenganishwa na mchongoma tu. Nilimkuta anaanika magodoro.

"Pole, mama."

"Nimekwishapoa, baba. Ninyi mmelala salama?"

Angalau angenitukana.

Mtauliza: na wezi je? Nami nauliza: mwizi akisharuka ukuta, nani atamwona? Ukuta unaomzuia kwa dakika tano humficha usiku kucha. Jirani husikia mbwa akibweka, akajigeuza upande wa pili kitandani, kwa sababu miaka kumi umemwonyesha kwamba ya kwako hayamhusu.

Wengine hutamba kwamba wana hati. Isomeni hiyo hati! Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Wewe umemilikishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Na hebu msikilizeni dalali siku anapoleta mpangaji. Hasifu ukuta kwanza. Husema barabara inapitika, soko lipo karibu, daladala hazisumbui, mafuriko hayafiki. Karibu yote yanayoipandisha bei nyumba yako yapo nje ya geti lako, huko usikotaka kutoa hata shilingi ya kuzibulia mtaro.

Nilimrudisha fundi yule yule. Alitoboa matundu kumi na moja chini ya ukuta, pande zote mbili, na sasa mvua ikinyesha maji yanapita uani kwangu kama zamani. Mke wangu hapendi matope, na ana haki.

Ila mwaka uliofuata mtu mmoja alinunua nyumba iliyo chini yangu, akasogeza ukuta wake hadi juu ya mtaro wenyewe. Nilimfuata kwa maneno mema. Hakunifungulia. Alizungumza nami kupitia kidirisha cha geti, nikiwa nimesimama barabarani juani, akanieleza kwamba maji hayo si yake.