Msitu wa Karura na Haki ya Mwenda kwa Miguu

Pana watu wasemao kwamba msitu ulio kando ya mji ni ardhi iliyolala usingizi. Hutazama mti wakaona nguzo. Hutazama bonde wakaona viwanja. Pana na wengine, wapole zaidi kwa maneno lakini si kwa matokeo, wasemao kwamba msitu haudumu ila ukifungwa, kwa sababu mguu wa mtu ni adui wa mche. Makundi haya mawili hudhaniwa kuwa yanapingana. Kwa kweli ni ndugu. Yote mawili husadiki kwamba umma hauna haja na msitu, na itikadi hiyo peke yake yatosha kuuangamiza.

Shahidi yu karibu. Msitu wa Karura, upande wa kaskazini wa Nairobi, ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Eneo lake leo ni kadiri ya hekta 1,000. Kwa miaka mingi ulilindwa na sheria na kusahauliwa na watu. Raia mwema aliuogopa kwa sababu ya wanyang'anyi, na kitu kisicho na mwenye kukizuru hakina mwenye kukililia. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa za msitu ziligawiwa kwa siri watu waliotaka kujenga humo. Habari ilipofichuka mwaka 1998, Profesa Wangari Maathai na wenzake waliingia wakiwa na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa, naye akatoka na jeraha la kichwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, mji ukachafuka, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Tangazo la 1932 lilikuwa hai siku msitu ulipogawiwa, wala halikunyanyua kidole. Waliouokoa msitu ni watu. Lakini watu wale walikuwa mashujaa, na ushujaa si mpango wa kila siku. Nchi haiwezi kungoja kichwa cha mwanamke kipasuliwe kila panapokuwa na mti wa kuokolewa. Mpango wa kila siku ulikuja baadaye. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa raia nafasi ya kuunda vyama vya jamii na kushiriki pamoja na serikali katika kutunza misitu. Karura ikazungushiwa ua wa umeme, walinzi wakawekwa, na mwaka 2011 umma ukafunguliwa milango. Tangu hapo wazee hutembea humo, watoto hucheza, vijana hukimbia na kuendesha baiskeli. Hofu ya zamani ilitoweka, kwa maana mwovu hapendi njia yenye watu.

Wapinzani hujibu kwamba miguu mingi hukanyaga udongo ukawa mgumu, maji ya mvua yasizame, na mizizi ikakosa pumzi. Ni kweli, lakini dawa ya jambo hili ni njia, si kufuli. Mguu uliopewa njia hauna sababu ya kukanyaga mche. Njia iliyochoka ipumzishwe; baiskeli zitengewe zake; kingo za mito ziachiwe mito. Kutunza msitu ni kutoa humo kisichozidi kile kinachoota. Kwa hiyo hata shoka lina zamu yake. Mikalitusi ya kigeni iliyopandwa zamani yapasa kuvunwa kidogo kidogo, na pahali pake parudishwe muhugu, mzeituni wa mwitu na miti mingine ya asili. Mtembezi aliaye kila asikiapo shoka aupenda msitu kama apendavyo picha ukutani.

Iko na dhuluma nyingine, yenye adabu nyingi na viatu safi. Karura imepakana na Muthaiga na Gigiri, penye majumba ya matajiri na mabalozi. Imepakana pia na kijiji cha Huruma, ambako chakula hupikwa kwa kuni. Mtu aingiaye msituni ili kupunguza unene huitwa mgeni wa heshima. Mama aingiaye kuokota tawi lililoanguka hutazamwa kama doa. Lakini ni yupi kati yao atakayetambua kwanza kwamba msitu umepungua? Mama wa kuni hujua kila kichaka. Akipewa siku zake, kipimo chake na heshima yake, ni mlinzi asiyedai mshahara. Akifukuzwa, atarudi usiku.

Kiingilio nacho ni cha haki kikiwa kidogo. Kikipanda hata maskini asikiweze, ua utakuwa umewafungia nje warithi na kuwafungia ndani wageni. Mwaka 2025 palizuka ubishi mkali juu ya mkono upokeao fedha hizo: uwe wa serikali peke yake, ama wa ushirika uliokuwa ukiuendesha msitu. Serikali ina haki ya kujua hesabu ya kila senti, kwa kuwa mali ni ya umma. Lakini fedha ya msitu iendayo katika hazina isirudi kwa sura ya mshahara wa mlinzi na miche ya kitalu, ni sawa na mti uliokatwa usipandwe mwingine. Mkono wowote uipokeao, na uoneshe hadharani ilikokwenda.

Wenye tamaa ya viwanja hawakufa mwaka 1999. Walikaa kitako kungoja. Wataogopa nini siku watakaporudi? Hawataogopa ua, maana ua hufunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo hununuliwa. Wataogopa maelfu ya watu wajuao kila njia ya Karura kwa nyayo zao. Mtoto achezaye leo chini ya muhugu ndiye atakayeihesabu miti kesho. Akikosekana, wapima viwanja wataihesabu kwa niaba yake.