Mwigizaji Mkuu Aliyekubali Kuwa wa Pili

Jioni hapa Kinama vijana hukusanyika kwenye vibanda vya video, na filamu inapokwisha hubishana juu ya jambo moja: ushujaa wa mwigizaji mkuu, yule ambaye jirani zetu wa Tanzania humwita steringi. Steringi hashindwi, hafi, wala hasimami nyuma ya mtu. Askari wetu kadhaa wanaoishi mitaa hii hushiriki ubishi huo, nasi hatuoni ubaya wowote. Lakini leo tungependa kuwakumbusha ndugu zetu wanajeshi na polisi habari za steringi mmoja wa kweli, ambaye maisha yake yanatufaa sisi tuliovaa sare kuliko filamu nyingi.

Mtu huyo ni marehemu Rashidi Mfaume Kawawa. Alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Songea, kusini mwa Tanganyika, akasoma Tabora, kisha akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali hiyo ilikuwa ikitengeneza filamu za Kiswahili ili kuwafunza wananchi, na Kawawa akachaguliwa kuwa mwigizaji. Mwaka 1952 alikuwa mwigizaji mkuu katika filamu ya Muhogo Mchungu, yenye kisa cha mtu wa shamba anayefika mjini akakutana na wajanja wanaomdhulumu. Akaigiza pia katika Chalo Amerudi. Hivyo yeye ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki ambao sura zao zilijulikana na watu kwa njia ya sinema.

Kijana aliyezoea kutazamwa hivyo angeweza kulewa sifa. Kawawa aliiacha sinema akaingia katika harakati za wafanyakazi. Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake. Kutoka hapo akaingia katika uongozi wa nchi.

Sasa tufikie jambo lenyewe. Mnamo Januari 1962, majuma machache tu baada ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na Kawawa akashika nafasi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 35. Serikali yote ilikuwa mikononi mwake. Desemba ya mwaka huohuo nchi ikawa Jamhuri, Nyerere akawa Rais, na Kawawa akarudi nyuma hatua moja akawa Makamu wake. Tunazijua nchi ambazo aliyeachiwa kiti kwa muda alikataa kukiachia, na damu ikamwagika. Kawawa hakufanya hivyo.

Mwaka 1972 aliteuliwa tena kuwa Waziri Mkuu. Februari 1977 nafasi hiyo akapewa Edward Sokoine, ambaye Kawawa alimzidi umri kwa miaka 12. Yeye akapelekwa kuwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Hakususa. Alikuwa katika wizara hiyo majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, na alikuwa humo bado Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Kama angekuwa amekwenda nyumbani kununa, nchi yake ingemkosa saa ile ilipomhitaji. Baadaye, kuanzia 1982 hadi 1990, alikuwa Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi. Alipofariki tarehe 31 Desemba 2009, watu walimlilia kwa jina lake maarufu: Simba wa Vita.

Kwa nini tunayasema haya kwa askari wa Burundi? Kwa sababu jeshi letu na polisi yetu vilizaliwa upya kutokana na jambo hilihili la kukubali nafasi. Mkataba wa Arusha, uliotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000 na ambao Mwalimu Nyerere aliusimamia mpaka mauti yalipomchukua mwaka 1999, uliagiza kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Waliokuwa wakiwindana porini wakavaa sare moja. Wako waliompigia saluti mtu ambaye jana walikuwa wakimlenga kwa bunduki. Haikuwa rahisi, na asemaye ilikuwa rahisi hakuwapo.

Tunajua kwamba manung'uniko hayajaisha. Yuko anayelalamika kwamba mdogo wake kikosini amemtangulia kwa nyota, na yuko aliyetolewa ofisini akapelekwa kulinda daraja. Wengine watatuambia kwamba Kawawa alikubali kila kitu kwa kuwa alikuwa mnyonge. Sisi tunajibu: mnyonge hawezi kuongoza wafanyakazi mbele ya mkoloni. Wala hatusemi kwamba askari anyamaze akidhulumiwa. Haki ina njia zake, naye aitafute kwa njia hizo. Mnamo Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Madai yao yalikuwa na uzito, lakini kwa kuwa waliyadai kwa bunduki, serikali ililazimika kuwaita askari wa Uingereza kuwazima, na jeshi lile likavunjwa. Waliotaka vyeo wakapoteza hata sare.

Hapa Kinama tunalipaswa fundisho hili kuliko wengine. Katika miaka ya 1990 mitaa hii iliumia sana, na ulikuwapo wakati ambapo mama akiona sare alimshika mtoto akakimbia. Leo mama huyohuyo anatuuzia ndizi. Imani hiyo haikurudi kwa amri, na inaweza kutoweka kwa usiku mmoja tu endapo askari mwenye uchungu wa cheo atamalizia hasira yake kwa mpita njia.

Basi, ndugu askari, mkitoka kibandani usiku mkisifu mashujaa wa filamu, mkumbukeni na huyu. Alijua kusimama mbele watu wote wakimtazama, na alipoambiwa asimame nyuma, alisimama akafanya kazi. Kila mmoja wetu siku moja atatakiwa kuiacha nafasi yake kwa mwingine. Tuombe siku hiyo itukute tayari kupiga saluti na kuendelea na zamu.