Mto Matandu Haugawiwi kwa Amri

Kila kusi inapovuma na visima vikashuka, watu wa Kilwa na Lindi huambiwa kwamba maji ni machache, wavumilie. Mvua zikiingia huambiwa kwamba maji ni mengi mno, wahame mabondeni. Maneno yote mawili hutoka katika kinywa kile kile, na kati yake haipiti miezi sita. Sisi twauliza: maji yale ya Januari huwa yamekwenda wapi ifikapo Oktoba, na ni nani aliyepewa kazi ya kuyawekea mpango?

Hatuulizi kwa ubishi. Mwishoni mwa Januari 2020 mafuriko yaliua watu wilayani Kilwa na kuwaacha maelfu bila makao. Mwezi wa Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini pale Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam. Akina mama walioyakimbia maji siku zile ndio wale wale ambao kiangazi huamka usiku kwenda kupanga foleni ya madumu kisimani. Mtu akiwaambia kuwa Mungu amewanyima maji, wanayo haki ya kumcheka.

Tena mpango, kwa maandishi, upo. Taifa lilitunga Sera ya Maji mwaka 2002, na mwaka 2009 Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa, na sisi tumo katika Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambalo makao yake makuu yako Mtwara. Sheria hiyo yasema maji yote ni ya umma. Yasema maji ya kunywa na ya matumizi ya nyumbani ndiyo ya kwanza, kisha maji yanayotakiwa yabaki mtoni ili mto wenyewe uishi, na shughuli nyingine zote zifuate nyuma. Yasema atakaye kuvuta maji mengi kwa shamba au kiwanda sharti apate kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Na yasema wanaotumia mto mmoja waweza kuunda jumuiya yao ya watumia maji, wakagawana na kuamuana wenyewe kwa wenyewe.

Ni sheria nzuri, na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na wale wanaoisifu jukwaani, kisha wakafanya kazi kana kwamba haikuandikwa. Nasi twataka kila mwanachama aijue habari ya Ihefu, maana Kilwa ililipa gharama zake.

Ihefu ni tingatinga la Usangu, mkoani Mbeya, ambamo mto Ruaha Mkuu hupita kabla ya kwenda kuyajaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Zamani mto ule ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 ukaanza kukauka kiangazi katika Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabaki wamesongamana katika madimbwi ya tope. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi huko London kwamba ifikapo 2010 maji yatarudi kutiririka mwaka mzima. Wataalamu walioingia bondeni na kuupima mto walionyesha kwamba mifereji ya mashamba ya mpunga, yakiwamo mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, ilikuwa ikichukua maji hata katika miezi ambayo mpunga hauyahitaji. Huo ni ugonjwa wa kugawana, na dawa yake ni kugawana: malango ya mifereji, zamu, vipimo, na watu wa juu kukaa kitako na watu wa chini.

Ikatafutwa dawa nyingine. Mwaka 2006 umeme ulipungua nchini, miji ikakaa gizani, na lawama zikatafutiwa mgongo wa kuzibeba. Ukapatikana mgongo wa ng'ombe. Kuanzia mwaka huo hadi 2007 wafugaji wa Usangu walitolewa kwa nguvu pamoja na mifugo yao, na wengi wakaelekezwa pwani na kusini, Mkoa wa Lindi ukitajwa mbele na Kilwa ikiwa mojawapo ya wilaya za kuwapokea. Ng'ombe walipakiwa malori, wengine wakaswagwa kwa miguu. Wengi walikufa njiani. Majosho hayakuwatangulia, wala malambo, wala mipaka ya malisho. Malalamiko yalizidi hata Rais akaunda tume ya kuchunguza mambo yalivyokwenda.

Sasa itazame hesabu hiyo kama mwalimu anavyoitazama hesabu ya mtoto ubaoni. Kiu iliyokuwa Ruaha imeondolewa kwa kalamu na kuandikwa upande wa Matandu, Mavuji na Mbwemkuru. Je, kiu imepungua katika jamhuri hii? Haikupungua hata kwa ndoo moja. Imehama tu. Imetoka katika bonde lenye mabwawa ya umeme, lenye wakubwa wa kulisemea, ikaingia katika mabonde ambayo msemaji wake ni mkulima wa ufuta na mtu wa Kivinje anayevua samaki pale mto unapokutana na mikoko. Wazee walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Kilwa haikuwapo mezani siku ile.

Hapa yatubidi tuseme neno ambalo baadhi ya wanachama wetu hawatalipenda. Mfugaji aliyeletwa si adui yetu. Yeye naye hakuulizwa. Alifukuzwa kwake kwa amri, akashushwa kwetu kwa amri. Anayesimama katika kikao cha kijiji akasema watu wale warudi kwao amesahau kwamba kwao ndiko walikofukuzwa. Tumeona chuki hiyo inakofikisha: Kilosa mwaka 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na mwaka 2012 moto uliwaka Ikwiriri, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa kaskazini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wafugaji hawa wamekwisha kaa miaka mingi, watoto wao wamezaliwa hapa na wanasoma shule zetu. Jembe lao ni kiti katika jumuiya ya watumia maji, pamoja na wajibu wake: kukaa mbali na chemchemi ya kunywa, kunyweshea kwa zamu, kuchangia lambo kwa kadiri ya kundi. Mwenye ng'ombe 300 asichange sawa na mwenye mbuzi watano.

Kosa la kupanga kabla ya kupima ni la zamani katika nchi yetu ya kusini. Waingereza walipoleta mradi wa karanga mwaka 1947 walinunua matrekta kwanza, kisha ndipo wakaanza kuuliza mvua na udongo. Walijenga reli ya kwenda Nachingwea kuchukua karanga ambazo hazikupata kuota kwa wingi waliotangaza, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Kabla yao Mdachi naye aliamuru pamba bila kuuliza mtu, na jibu alilipata Nandete, katika vilima vya Matumbi, mwaka 1905. Wale walikuwa wageni watawala, hawakudai kuwa wetu. Ofisa wa leo ni mtoto wetu, tumemsomesha kwa jasho letu. Yeye hana ruhusa ya kurudia mtindo wao.

Maji ya mtoni angalau huonekana. Ya chini ya ardhi hayaonekani, na hapo ndipo pwani yetu ina hatari kubwa zaidi. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, nayo huelea juu yake humo ndani ya mchanga na matumbawe. Kanuni ni hii: penye mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo huwa zipo kama mita 40 za maji matamu. Ukivuta kwa pampu mpaka mita ile moja ikaisha, chumvi hupanda zile 40. Hufanyika bila kelele. Leo chai ina ladha ngeni kidogo, mwakani sabuni haitoi povu, mwaka unaofuata kisima kimekuwa cha kufulia, kisha hakifai hata kwa hilo. Na chumvi ikiingia haitoki kwa masika moja. Yaweza kuchukua miaka mingi. Watu wa visiwa, wa Kilwa Kisiwani na Songo Songo, hawahitaji kufundishwa somo hili na sisi. Anayehitaji kufundishwa ni yule anayepiga picha mbele ya pampu mpya, akakata utepe na kuondoka, asiache mtu wa kupima kina cha kisima mwaka unaofuata.

Hatuionei wivu Dar es Salaam umeme wake. Lakini gesi ya Songo Songo imekuwa ikipita katika bomba, chini ya bahari na nchi kavu, hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Taifa lililoiweza kazi ile lisituambie kwamba kushusha kamba kisimani na kuandika tarakimu ni kazi iliyoishinda. Na kwa kuwa Likong'o, pwani ya Lindi, ndiko serikali ilikokusudia kujengwa mtambo wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika, twataka kuuliza mapema: maji ya mtambo huo na ya mji utakaouzunguka yatatoka wapi, kwa kiasi gani kwa siku, na ni kisima cha nani kitakachoshuka? Swali hili huulizwa kabla ya kibali. Likiulizwa baada yake, linakuwa kilio.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu, na mwanakijiji hawezi kuyasimamia. Twawajibu kwa mfano wa hapa hapa Kilwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vyema, na mpingo wake ukauzwa kwa halali. Wanakijiji walihesabu miti yao, wakapanga mingapi ikatwe na mingapi iachwe ikue, na fedha zikaingia kijijini. Mti wa mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Aliyeweza kupanga kwa ajili ya mti atakaoukata mjukuu wake, atashindwaje kupanga zamu ya kunyweshea ng'ombe wiki ijayo?

Basi haya ndiyo tunayoyadai. Makundi mapya yasiletwe katika bonde lolote la Kilwa na Lindi, wala shamba kubwa lisikatwe, kabla maji ya bonde hilo hayajapimwa kiangazi na vipimo vikasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Orodha ya vibali vyote vya kuvuta maji, yenye jina la mwenye kibali na kiasi anachovuta, ibandikwe katika ofisi ya kata, kwa Kiswahili. Jumuiya za watumia maji za Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi ziwe na wakulima, wafugaji na wavuvi wa midomo ya mito, na wanawake wasiitwe kuja kupika chakula cha kikao tu, maana wao ndio wachotaji. Malambo ya kuzuia maji ya mvua yachimbwe juu ya mabonde, ili mifugo isishuke hadi kwenye chemchemi. Na ile mita 60 kutoka kingo za mto iliyowekwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 iheshimiwe na wote, akiwamo mkubwa mwenye shamba la ndizi mtoni ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja.

Tusikae tukisubiri gari la serikali. Kila tawi lina mtu ajuaye kuandika, na mtoto wa darasa la tano aweza kazi hii. Chukueni kamba, fungeni fundo kila nusu mita, ncha yake ifungiwe jiwe. Siku moja kila wiki, alfajiri kabla ya mtu kuchota, shusheni kamba mpaka jiwe liguse maji, hesabuni mafundo, andikeni tarehe na kina, na andikeni kama maji ni matamu au yameanza chumvi. Penye mto, simikeni mti wenye alama pale panapovukwa, mkaandike maji yamefika alama gani. Ofisa wa bonde akija, msomeeni daftari lenu kwanza, kisha mwombeni asome lake. Tawi lolote lenye daftari la namna hii, hata la mwezi mmoja, lilete nakala katika ofisi ya chama ya wilaya kabla ya mvua za Novemba.