Ngoma Isiyo na Tikiti
Muungwana mmoja ameandika gazetini kwamba Pemba haina sanaa ya chini kwa chini, na kwamba kijana wa Wete au Chake Chake mwenye shauku ya muziki wa uasi, ule ambao vijana wa London na New York waliujua kwa jina la panki katika miaka ya 1970, hana budi kuvuka bahari hadi Ngome Kongwe ya Unguja, kwenye tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004. Kwa kumtaka radhi, hiyo ni kauli ya mtu aliyeitazama Pemba kutoka sitaha ya meli.

Panki ni nini, tukiziondoa nywele zilizosimama na magita yangurumayo, isipokuwa haki ya asiyefunzwa na mwalimu kusimama mbele ya jirani zake akasema alilo nalo bila kungoja ruhusa ya mwenye ukumbi? Basi na aje asikilize kibati, ambamo waimbaji hujibizana kwa tungo za papo kwa papo, mbiombio, ngoma ikiwahimiza na wengine wakiitikia na kucheza, pasina matini ya kupelekewa mkaguzi. Au aje wakati wa mchezo wa ng'ombe, ajionee hadhira inayotimua mbio fahali akiigeukia; kiingilio cha namna hiyo hakilipwi kwa fedha.

Magita ya umeme, nakiri, ni adimu kwetu. Ama kuhusu mialiko, hapa haichapishwi: mtu huambiwa na binamu yake, na bwana huyu, nadhani, hakumuuliza mtu.