KIKOMBE CHA MWEZI: Kahawa iliyovuka ziwa usiku

Mwezi huu tulitaka kuandika juu ya chai, maana ndiyo tunayokunywa kila mkutano wa klabu. Lakini mwenzetu mmoja alileta pakiti ya kahawa aliyoinunua Ixelles, hatua chache kutoka Matonge. Imeandikwa kwamba ni ya Ziwa Kivu, Rwanda. Bibi yake, mzaliwa wa Idjwi, aliionja, akacheka: "Mjukuu wangu, hii nilikuwa naichuma mimi. Na sikuwa Rwanda."

Hatuna mashine ya kupima ulimi wa bibi. Hata hivyo, maneno yake yanawezekana kabisa.

Idjwi ni kisiwa kikubwa kilicho ndani ya Ziwa Kivu, Kongo magharibi yake na Rwanda mashariki. Kaskazini ni uchifu wa Rubenga, kusini ni Ntambuka, na wenyeji wengi ni Wahavu, pamoja na Wambuti. Mwaka 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikutana hapa hapa Brussels kugawana mipaka ya eneo hilo. Kisiwa kikaangukia Kongo. Septemba 1914 Wajerumani walikiteka, wakakaa hadi 1916. Wakulima hawakuulizwa, wala mara ya kwanza wala ya pili.

Mbuni haujui mipaka. Pande zote za ziwa hulimwa arabika, na mbegu maarufu ni Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Maji ya ziwa yenyewe yako karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mashamba yako juu zaidi, kwenye baridi inayofanya tunda liive polepole. Basi tofauti inatoka wapi? Zaidi inatoka kwenye mikono inayolishughulikia tunda baada ya kuchumwa. Likimenywa siku ile ile kwenye kituo cha kuoshea, punje zikachachuka kwa kipimo, zikaanikwa juu ya meza za wavu, kahawa hutoka safi. Likimenywa nyumbani na kuanikwa popote penye nafasi, punje huwa mchanganyiko na bei hushuka. Kuna pia mdudu anayetoboa tunda na kuacha ile harufu ya kiazi kibichi, inayowatesa wakulima wa Kongo, Rwanda na Burundi bila ubaguzi. Punje moja tu yatosha kuharibu birika zima.

Rwanda ilijenga vituo vingi vya kuoshea kuanzia miaka ya 2000. Upande wa Kongo vita vilikuwa vimefukuza wanunuzi. Wakulima wa Idjwi wakapakia magunia kwenye pirogi, wakavuka usiku bila taa ili wasikamatwe. Wengi walizama. Wengine walifika, wakauza kwa bei aliyotaka mnunuzi, kwani nani angerudi na gunia lake gizani? Kahawa ikaamka asubuhi ikiwa ya Rwanda. Wajane wakabaki kisiwani na mashamba.

Ndiyo maana tunapenda kuona jina la Idjwi likiandikwa kwenye pakiti. Ushirika wa CPNCK na shirika la wanawake la Rebuild Women's Hope wameleta kazi ya kuosha kahawa kisiwani kwenyewe, hivyo mkulima anaweza kuuza mchana, mahali anapojulikana. Bei bado si nzuri kama tungependa (na sisi wanafunzi tunalalamika tukilipa yuro nane kwa pakiti, tusijifanye watakatifu).

Tulimuuliza bibi kama pakiti zile zinamkasirisha. Alijibu kwamba kaka yake mkubwa alivuka mwaka mmoja wa mvua nyingi na hakurudi, kisha akaomba chai ya maziwa. Kahawa, alisema, walilima, kuinywa hawakuzoea.

Alhamisi ijayo tutaonja pakiti mbili, moja ya Idjwi na moja ya Rwanda, bila kuona majina. Njooni na vikombe vyenu. Vya klabu vimebaki vinne.